Shangazi Katungu Aenda Steyr

Ukitaka kumjua Katungu, jua kwanza kwamba hasifu kitu anachokipenda. Pilau tamu atasema imezidi kitunguu, na kitenge kizuri atakuuliza kama dukani hapakuwa na rangi nyingine. Lakini kitu ambacho ameshakikataa moyoni, hicho atakisifu mpaka mwenyewe uone haya, kwa sababu kwake kumkatalia mtu ni kosa moja na kumvunjia heshima ni la pili, na moja linatosha. Wanaume wawili walishakuja Keshero, mtaani kwao Goma, kumposa Charline, binti wa mdogo wake Kamate. Wote wawili waliondoka wakiwa wamesifiwa viatu, meno na ukoo, na mpaka leo hakuna aliyerudi.

Sasa alikuwa amejitokeza wa tatu. Charline alikuwa muuguzi huko Steyr, mji mdogo wa Austria, mwaka wake wa nne, na huko ndiko alikompata Mzungu wake. Jina lake Leopold. Katungu alipotajiwa jina hilo aliuliza kama kalenda ya watakatifu ilikuwa imeishiwa na majina. Charline akajitetea kwamba nyumbani kwao wanamwita Poldi. Katungu akasema hilo nalo ni zuri sana, na tangu siku hiyo Charline akaanza kukosa usingizi.

Kwao posa haipokelewi kabla shangazi hajaenda kuona kule binti anakokwenda: jiko, maji, mahali pa kulala, na jinsi watu wa nyumba wanavyosemeshana. Ukoo ungekaa Jumapili, na Paulin, rafiki wa Charline tangu shuleni, angesimama badala ya familia ya Poldi na kuleta mbuzi. Kilichokosekana ni neno la Katungu tu. Safari ya kwenda Ulaya haikuwepo hata kwa ndoto, kwa hiyo Kamate alinunua mega za intaneti za kutosha, akaegemeza simu kwenye thermos ya chai, na Jumamosi saa tatu asubuhi shangazi akaenda kuona kwa video.

Kuna jambo moja ambalo Katungu hakumwambia mtu. Yeye hakujaliwa mtoto, na ndiye aliyempokea Charline mikononi, mtoto hajaota meno, siku ile mama yake mtoto alipozikwa. Akisema ndiyo, Charline harudi tena Goma. Kwa hiyo mwanamke aliyekaa mbele ya ile simu, kitambaa kichwani na miwani puani, hakuja kutalii. Alikuja kutafuta kosa, na alikuwa na hakika atalipata, maana hajapata kuona nyumba isiyokuwa nalo.

Kwenye kioo akatokea kijana mrefu mwenye masikio mekundu. "Jambo, mama," akasema, na Kiswahili chake kikaishia hapo.

"Tante, amejitayarisha wiki muzima," Charline akamweleza shangazi yake. "Nilimuambia sisi ni bakatoliki, sasa anataka kukuonesha makanisa yote ya mji."

"Yote?"

"Yote, tante."

Wakaanzia kwenye uwanja wa katikati ya mji. Poldi akawaonyesha nyumba ya zaidi ya miaka mia tano, yenye paa refu lililochongoka, ambayo zamani ilikuwa na kibao chenye simba wa dhahabu. Watu wa mji walimtazama yule simba mnene wakaona kijibwa, na nyumba ikabaki na jina la kijibwa hadi leo. Poldi alicheka mwenyewe akiisimulia.

"Iko muzuri sana," Katungu akasema.

Charline alijua sifa hiyo maana yake nini. Lakini ilibidi atafsiri, na Poldi, aliyesikia tu kwamba mama kafurahi, akaongeza mwendo kuelekea kanisa la parokia.

Hapo Katungu alikaribia kusahau kazi iliyomleta. Lile kanisa lilianza kujengwa karibu miaka mia sita iliyopita, na nguzo zake zilipanda juu mpaka simu ikashindwa kuonyesha zinakoishia. Kanisa alimofungia ndoa yeye mwenyewe lilimezwa na lava ya volkano mwaka elfu mbili na mbili. Juma lililofuata alipita juu yake kwa miguu, na soli za kandambili zikalainika. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusali palepale aliposali babu wa babu yake.

"Mbona hamuna batu?" akauliza kwa ukali. "Nyumba kubwa hivi, wamama watatu tu. Na vumbi iko juu ya ile sanamu, naiona."

Charline aliposikia vumbi, uso ukamchangamka. Kamate naye, upande huu, akajikohoza kuficha tabasamu. Katungu akashtuka, akajikaripia kimoyomoyo na kurudi kazini.

"Nyumbani kwake ni wapi?"

Charline akakohoa. "Tutafika, tante. Kwanza tuende Mutakatifu Mikaeli."

Katungu alikijua kikohozi hicho tangu Charline ana miaka sita. Kilikuwa cha mtoto aliyevunja sahani na kuificha chini ya kitanda. Akaegemea nyuma, akatulia. Kumbe kosa lilikuwepo.

Kanisa la Mikaeli lilisimama na minara yake miwili karibu na pale mito miwili inapokutana, na juu ukutani palichorwa malaika akiwaporomosha waasi kutoka mbinguni. Katungu akausifu mchoro. Akasifu mto wa kwanza, akasifu na wa pili. Akamsifu bata aliyekuwa akipita.

"Yaya," Kamate akamnong'oneza dada yake mkubwa, "umesifu mpaka ndege."

"Nimekatazwa?"

Kule Steyr, Poldi alikuwa anang'aa. Akasema kwa kuwa mama anapenda hivi, lazima aone pia kanisa la hija lililo nje kidogo ya mji, wakapanda basi. Charline alikaa dirishani kama mtu anayepelekwa kwenye mtihani.

Hilo la hija lilikuwa dogo, na lilikuwa na habari yake. Zamani mtu mmoja mwenye kifafa aliweka sanamu ndogo ya Mtoto Yesu, ya nta, ndani ya shina la mti msituni. Akawa anakwenda kusali hapo peke yake, na ugonjwa ukamwacha. Watu waliposikia wakaja wengi, mpaka wakajenga kanisa, na mti hawakuukata. Kanisa ndilo lililouzunguka mti, na shina lingali pale penye altare. Poldi akasogeza simu mpaka wakamwona Mtoto mwenyewe, hazidi urefu wa kidole.

Katungu akafanya ishara ya msalaba. "Ni kadogo sana," akasema polepole. "Wangemutengeneza mukubwa kidogo."

Ilipokaribia saa sita Poldi akatazama saa yake, akamwambia Charline neno. Charline akajibu haraka. Poldi akatikisa kichwa. Wakabishana kwa Kijerumani, lakini ubishi wa wachumba hauhitaji mkalimani.

"Anasema nini?"

"Anasema batri inaisha, tante."

"Charline."

"Anasema lazima arudi nyumbani sasa."

"Basi twende. Si ndiko ninataka kufika tangu saa tatu?"

Walirudi mjini kwa basi, wakapanda ngazi nyembamba, wakaingia jikoni palipotosha watu wawili tu wasionenepa. Dirishani, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa bibi kizee mwenye nywele nyeupe, mikono ikicheza juu ya blanketi.

"Huyu ni koko wake," Charline akamtambulisha nyanya yake Poldi, macho chini. "Ni yeye alimulea Poldi. Sasa hatembee tena, na anasahau kila kitu. Poldi anakataa kumupeleka ku nyumba ya bazee, anamuangalia mwenyewe. Mimi ndiye nilimukataza asikuoneshe. Niliogopa."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kosa lilikuwa limekaa hapo kwenye kiti, safi, limeletwa mkononi. Katungu angesema kwamba mtoto wao hakusoma miaka yote hiyo ili aende kuosha wazee wa watu, na Jumapili hakuna mtu kwenye ukoo ambaye angebisha. Charline angerudi. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini.

Poldi hakungoja hukumu. Aliegemeza simu mezani, akamfunga nyanya yake kitambaa shingoni, akapuliza supu na kuanza kumlisha. Kila kijiko alikisindikiza na maneno, na Charline akatafsiri kwa sauti ya chini: anamwambia tulikokwenda asubuhi, anamwambia tulikuwa na mama mmoja wa Goma, yuko hapa, anakusalimia.

Bibi kizee akaitazama simu. Akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina. Kisha akaushika mkono wa Poldi wenye kijiko, akausukuma kwa nguvu zake chache zote, ukaacha kinywa chake, ukaelekea kwenye simu. Yeye aliyesahau kila kitu hakuwa amesahau kwamba mgeni hakai njaa.

Kijiko kikasimama mbele ya kioo, supu ikidondoka. Huko Keshero, Katungu alikuwa na kinywa wazi tayari kwa yale maneno yake. Sasa mzee anapokupa chakula kwa mkono wake, unamwambiaje hapana? Akaachama zaidi. Akafumba mdomo, akatafuna, akameza. Kamate alimtazama dada yake asijue kama acheke au aite daktari.

"Supu haina chumvi," Katungu akasema.

Charline alikaa chini sakafuni, mikono usoni, akacheka huku machozi yanamtoka. Poldi, aliyedhani mambo yameharibika, akauliza amesema nini, na alipoambiwa akakimbilia kabati la chumvi.

Kutoka hapo Katungu hakuzuilika. Koko amekaa karibu mno na dirisha. Blanketi ni jepesi. Sahani ni ndogo, na Poldi mwenyewe amekonda, na masikio yale yafunikwe wakati wa baridi. Aligombeza kila kilichokuwa ndani ya lile jiko mpaka mega zikaisha na kioo kikawa cheusi.

Kamate akaondoa simu kwenye thermos. "Nimuambie Paulin alete mbuzi?"

"Alete."

"Yaya, unajua hatarudi tena."

"Najua. Asubuhi yote nilikuwa natafuta kosa kwa sababu ya hiyo." Akavua miwani na kujifuta machozi bila kuyaficha.

"Na wewe, nani atabaki na wewe ukizeeka?"

"Mimi sijue," Katungu akasema. "Lakini Charline akizeeka, iko mutu wa kumulisha." Kisha akanyoosha mkono apewe simu, akampigia Paulin mwenyewe.