Hesabu ya Matope

Mume wangu Germain alifundisha fizikia hapa Kalemie, lakini moyo wake ulikuwa kwenye matope. Nasema kweli. Kwa miaka sita tangu atoke chuo kikuu cha Lubumbashi, aliandika hesabu za kueleza kwa nini maji ya mto Lukuga hayatulii wakati wa mvua. Alisema chembe za udongo, ndogo kupita vumbi, zina umeme unaozifanya zisukumane, ndiyo maana zinaelea tu. Ukitia shabu kidogo, yale mawe meupe ya kusafishia maji, ule umeme unapungua, zinashikana, zinazama. Maabara hakuwa nayo. Alikuwa na karatasi, kalamu na kichwa kigumu.

Mwaka wa sabini na nane akapata jibu: kipimo kamili cha shabu kwa ndoo moja. Tukajaribu. Baada ya saa moja, kama alivyoandika, matope yote yalikuwa chini na maji yanang'aa. Germain alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilipochukua sufuria nikayachemshe, akanishika mkono.

"Mama Emerance, acha. Maji hii iko safi."

"Nani alisema?"

"Hesabu njo inasema. Unaona muchafu yoyote?"

Sikuona. Tena nilikuwa nimechoka na moshi wa kuni mbichi, na nilijivunia kuwa na bwana msomi. Tukayanywa hivyo hivyo wiki mbili.

Emerance wetu, wa miaka mitano, alianza kuhara Jumatano asubuhi. Hospitalini wakasema ni kolera, yaani kipindupindu, wakauliza tunakunywa maji gani. Germain akajibu kwa sauti ndogo sana. Alhamisi mchana mtoto akatutoka.

Kwenye matanga, watu wameketi mikekani, yeye akaleta makaratasi yake yote akaanza kuyakagua moja moja mbele ya wageni. Ndugu zangu wakanong'ona kwamba ameingiwa na wazimu. Nikamfuata.

"Unatafuta nini, Papa Emerance?"

"Kosa." Alikuwa analia. "Lazima iko kosa fulani, Bibiane. Siioni."

Siku hiyo nilimchukia, na nilimhurumia. Nikakaa chini karibu naye. Zile alama zake siwezi kuzisoma, kwa hiyo nilimwomba kitu kimoja tu.

"Nionyeshe pale uliandika kolera."

Akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akaanza kutafuta.