Lebo Zilizokwanguliwa

Caifeng alikuwa jikoni akikwangua lebo za chupa za dawa kwa wembe, uji wa mahindi ukitokota pembeni. Alipomaliza alibandika karatasi alizoandika mwenyewe: Vitamini. Baba yake, mzee Nong Dechang, alikuwa na saratani ya ini. Kwao Guangxi, kusini mwa China, habari kama hiyo huambiwa watoto, na mgonjwa hupewa uongo wa kumtuliza. Mzee aliambiwa ini limevimba kidogo kwa sababu ya pombe ya mchele.

"Pombe gani?" alifoka. "Mimi nakunywa kikombe, jirani Lu anakunywa ndoo, na bado anakata miwa kama kijana!"

Caifeng alicheka. Siku zile alikuwa hodari wa kucheka.

Mwezi wa tatu Daktari Tan alimwita ofisini. Kulikuwa na tiba mpya iliyokuwa ikijaribiwa: wangemtoa mzee damu, wachague chembe zinazolinda mwili, wazihariri jeni, yaani wakate kipande kinachozifunga breki, kisha wazirudishe mwilini zikapambane na uvimbe. Hakumwahidi kupona, ila alisema wapo wagonjwa ambao uvimbe wao ulisinyaa.

"Nipe karatasi nitie sahihi," Caifeng alisema.

"Si wewe, dada. Anatia mwenyewe, na lazima nimsomee kila neno. Hata hilo unalomficha."

"Daktari, utamuua kwa hofu!"

"Ini lake bado lina nguvu. Likichoka, hatutaweza kumpokea. Chukua nakala hii, ukazungumze naye."

"Nipe wiki moja tu nimwandae."

Wiki ya kwanza iliangukia siku za kusafisha makaburi, na nani ataje saratani huku akifagia kaburi la mama yake, aliyekufa kwa ugonjwa huohuo? Iliyofuata mzee alitimiza miaka sabini, wakamchinjia bata. Kisha ukaja msimu wa kupanda karanga. Sababu hazikumwishia. Ukweli ni kwamba Caifeng alikuwa mwoga, na uoga wake aliuita heshima kwa mzazi.

Mwezi wa tano macho ya mzee yakageuka manjano. Daktari Tan alisoma majibu ya damu mara mbili, akavua miwani.

"Hatuwezi tena, dada. Pole sana."

Caifeng alirudi nyumbani. Baba yake alikuwa uani akibambua karanga, zenye ukungu akizitupa.

"Daktari kasema nini?"

Alipiga magoti akamwambia yote: ugonjwa, tiba, wiki zilizopotea. Mzee hakushtuka. Aliendelea kubambua.

"Ugonjwa naujua, mwanangu. Tangu chupa ya kwanza."

"Nani alikwambia?"

"Mama yako alipougua, mimi ndiye niliyekwangua lebo zake. Kwa wembe huohuo. Gundi hubaki pembeni, vumbi linashika. Ulidhani sioni?"

"Sasa mbona ulinyamaza, Baba?"

"Nilidhani umenyamaza kwa sababu dawa haipo. Nikasema, nisimwongezee mtoto mzigo."

"Ungekubali kutia sahihi?"

"Mimi?" Mzee alitabasamu. "Ningekuja na kalamu mbili, moja ikigoma nitumie nyingine."

Caifeng alilia kwa sauti, bila kujali majirani. Alijichukia kwa kila wiki aliyoiacha ipite. Mzee alimwacha alie, kisha akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Hiyo karatasi unayo?"

Ilikuwa mkobani tangu mwezi wa tatu, imekunjwa mara nne.

"Nisomee."

"Haina kazi tena, Baba."

"Najua. Mama yako hakuna aliyemsomea chochote. Mimi nisomee."

Akasoma: jina la mgonjwa, umri, kijiji. Alipofika kwenye ugonjwa sauti ilimkwama, akarudia mstari mara ya pili, ikakwama tena. Mzee akamshika mkono na kulitaja neno lenyewe.

"Saratani," alisema. "Haya, endelea."