Uvimbe Uliodai Mji

Usiku wa jana niliota niko ndani ya tumbo la babu yenu, Mbaruku, nafagia. Sikushangaa. Maisha yangu yote nafagia alipopita huyu. Tena wiki nzima anajikuna, hospitali hataki, anasingizia sabuni mpya.

Nafika kwenye mrija wa nyongo. Umezibwa na ukuta. Mafundi wanapiga plasta, wanaimba.

"Hodi, wanangu. Mnajenga nini?"

"Sisi ni nyama za jirani, bibi. Kazi yetu kutia kovu penye jeraha. Huyu bwana aliyemo ndani kila asubuhi anatuambia ameumia."

"Jeraha lenyewe mmeliona?"

Wakatazamana. "Aibu kumchungulia mgonjwa."

Askari wa mwili wamesimama nje ya ukuta na marungu yao, wanasubiri kukaribishwa. Ndani amekaa Uvimbe, kanenepa, anakunywa uji.

"Karibu, shemeji."

"Shemeji wa wapi wewe?"

"Mimi si mgeni. Nimezaliwa humu humu, kwa mumeo. Kitendawili!"

"Tega," mdomo wangu ukajibu wenyewe. Mnanijua.

"Nimeziba mlango wa nyuma, mwenye nyumba hana habari, madirisha yake ndiyo yanasema."

Nawaza mpaka jasho linanitoka. Fundi mmoja ananinong'oneza, "Sema popo." Nasema popo. Si popo.

"Umeshindwa. Nipe mji!"

"Chukua Korogwe."

"Ya nje siitaki. Mrija nilishapewa na hawa mafundi, nao walisema popo. Sasa nataka Ini."

Kule juu Ini likapiga kelele: "Bibi, usinitoe!"

Nikainua ufagio nimtandike. Nikaamka.

Kumekucha. Babu yenu kakaa kitandani, anajikuna. Nikafungua dirisha, nikamshika kidevu, nikamfunua jicho kwenye mwanga. Njano tupu, kama limetiwa bizari.

Kumbe madirisha ndiyo haya.

"Kitendawili!" nikamwambia.

"Asubuhi yote hii? Haya, tega."

Nikamtegea kile kile, neno kwa neno. Akakuna kichwa, akakuna tumbo, akakuna na unyayo.

"Popo?"

"Si popo."

"Basi nimeshindwa, mke wangu. Chukua mji wowote uutakao."

"Nachukua ule wenye hospitali. Vaa kanzu, twende."

Akanuna, lakini akavaa. Mbaruku ana mambo yake, ila mji akishautoa hajawahi kuudai.