Wakija Kuizindua, Mniamshe

Asubuhi, kabla hajatoa kifuniko cha cherehani, Mama Tiketi humfuta mumewe vumbi. Anaanza na paji la uso, anashuka kwenye nyusi, anapitisha ncha ya kitambaa masikioni, halafu anamgeuza ubavu kama mtu anayegeuza godoro. Mume hana neno. Amelala tangu reli ilipokamilika, na Tiketi, ambaye siku hiyo alikuwa bado tumboni, sasa anafunga kamba za viatu mwenyewe.

Ilivyokuwa wala si siri. Mume alikuwa fundi reli. Ile reli ya mjini inayopita nyuma ya nyumba yao, nati ya mwisho aliikaza yeye. Wenzake wakapiga makofi, mmoja akauliza treni zitaanza lini. Yeye akaweka spana chini, akajinyoosha kwenye benchi la stesheni ambalo lilikuwa bado limefungwa nailoni, akasema, "Wakija kuizindua, mniamshe."

Hawakuja. Jioni wenzake wakamtikisa, wakammwagia maji, mpaka mmoja akamwambia sikioni kwamba mshahara umetoka. Kimya. Hapo wakajua jambo ni zito, wakamrudisha nyumbani kwa mkokoteni.

Daktari alikuja, akampima kila panapopimika, akakunja mpira wake wa kusikilizia moyo.

"Huyu haumwi, dada. Huyu hajazinduliwa tu."

"Si umzindue basi, daktari."

"Mkasi sio wangu."

Akanywa chai, akaondoka.

Tiketi alizaliwa wiki ambayo tiketi za treni zilichapishwa, ndiyo maana ya jina hilo la utani. Tiketi zile zilihifadhiwa stoo, panya wakazisafiria. Mtoto amekua akimjua baba kama watoto wengine wanavyolijua kabati: lipo, ni la kwetu, halichezewi. Kila asubuhi, begi mgongoni, anasimama mlangoni na kusema, "Shikamoo baba," anangoja kidogo, kisha anakwenda shule. Siku moja alimuuliza bibi yake, mama mzaa baba, kwamba shikamoo zote hizo baba akizinduka ataziitikia moja moja au vipi.

"Atakuitikia kwa jumla," bibi akasema.

Mama Tiketi alikuwa anapinda suruali ya mtu. Aliposikia hivyo alisimamisha cherehani, akatazama ukuta, kisha akaendelea. Mambo mengine yote alishayasamehe. Alikuwa hadai pikipiki aliyoahidiwa, hadai safari, hata ile kona ya dari inayovuja alishaiziba mwenyewe. Alitaka mtoto asikie marahaba moja tu kutoka kinywani mwa baba yake.

Sasa, kitu kimoja mwilini mwa fundi kilikuwa macho: kidole gumba cha mguu wa kushoto. Bibi ndiye aliyekigundua. Redio ilikuwa imetangaza kwamba treni zitaanza mwishoni mwa mwaka, kidole kikatulia kama jiwe. Ikatangaza tena kwamba ni mwanzoni mwa mwaka, kimya. Lakini adhuhuri moja, bila tangazo lolote, kidole kikainuka, kikachezacheza. Majirani wakatoka kutazama, wakamkuta stesheni fundi umeme mmoja kijana amepanda ngazi, anajaribu taa kwa dhati kabisa. Kesho yake fundi huyo alihamishwa, na kidole kikalala.

Toka hapo mtaa mzima uliacha kusikiliza redio. Wenye vibanda walikuwa wakipita dirishani wanauliza, "Shemeji, kidole kinasemaje leo?" Akijibu kimelala, wanarudi kupunguza oda ya soda. Stesheni nayo ilikuwa imekaa pale, inang'aa, na mabehewa yamevikwa maturubai kama kochi za mgeni asiyefika. Mwanzo ilisemekana inasubiri umeme, halafu inasubiri uzio, halafu ofisi mbili zikawa zinagombania nani ashike funguo. Mwishowe zikabaki "changamoto ndogo ndogo," na hizo huwa haziishi, maana ndogo huzaana haraka kuliko kubwa.

Habari za kidole zikafika juu. Akaja msemaji wa mradi, suti nzuri, viatu vimepata vumbi la mtaa mpaka vikakosa rangi. Akasema kwa upole kwamba kidole kinapotosha umma. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amebeba zawadi. Akafungua mfuko, akatoa soksi moja nene.

"Moja tu, baba?" bibi akauliza.

"Mguu wa kulia hauna tatizo."

Mama Tiketi alishukuru, akamvika mumewe soksi mbele ya mgeni. Lakini yule ni fundi cherehani. Gari la msemaji lilipokata kona, soksi ilishapata tundu mahali panapostahili, na limepindwa vizuri lisifumuke.

Ndipo ikatangazwa kwamba Mheshimiwa anakuja mwenyewe, Jumamosi, na mkasi. Mtaa ukafagiwa. Viti vya plastiki vikashushwa, na utepe ukaonekana kwa macho. Ijumaa jioni bibi alikaa kitandani kwa mwanawe, akakitazama kidole mpaka giza likaingia.

"Mkwe wangu, kimetulia."

"Nimeona, mama." Mama Tiketi alikuwa anapiga pasi ovaroli. "Labda soksi inabana."

Bibi hakubisha. Akaivua soksi, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kidole kikabaki vilevile. Mama Tiketi akageuza ovaroli upande wa pili, akapiga pasi mikono.

Asubuhi walimvisha, wakampandisha kwenye mkokoteni, Tiketi akatangulia mbele akisema, "Samahani, tunapita, tunapita." Wakamlaza kwenye lile benchi lake. Mheshimiwa alizungumza mpaka vivuli vikahama. Kisha akakata utepe, pazia likaanguka, na nyuma ya pazia palikuwa na bango jipya, refu, limepakwa rangi mbili: STESHENI HII ITAZINDULIWA HIVI KARIBUNI. Watu wakapiga makofi, maana na bango lenyewe lilikuwa zuri.

Na kwa kuwa, hata hivyo, kitu fulani kilikuwa kimezinduliwa, fundi akafumbua jicho moja. La kushoto.

Msemaji alikuwa wa kwanza kuliona. Akapiga picha, akamwita Mheshimiwa, na Mheshimiwa akainama, akalitazama jicho, jicho likamtazama. Akasema hii ndiyo maana halisi ya matunda ya mradi.

Mama Tiketi aliulizia jambo moja tu.

"Na la pili, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa akamgeukia msemaji. Msemaji akafungua faili, akafunua kurasa, akafunga.

"La pili, mama, liko awamu ya pili."

Wakarudi na mkokoteni, safari hii polepole, wasimtikise. Njiani Tiketi alikuwa akikimbia mbele, anarudi nyuma, anainama kulitazama jicho, anakimbia tena.

Siku hizi Mama Tiketi amehamisha mto wake, analala upande wa jicho. Cherehani pia ameisogeza, iwe mbele ya jicho. Jicho linaona. Linamfuata akisimama, linamfuata akiketi, na siku alipoanza kuvaa miwani ya kushonea lilitoa maji kidogo, naye akalifuta kwa ncha ya kitambaa, kisha akaendelea na masikio. Bango limepauka upande mmoja, linapakwa rangi upya kabla ya kila uchaguzi, na wapaka rangi ndio watu pekee walioajiriwa stesheni. Kidole hakijainuka tena.

Tiketi anasimama mlangoni, begi mgongoni.

"Shikamoo baba."

Jicho linamgeukia. Anangoja, kiasi cha kumtosha mtu kusema marahaba, hata akiwa mzito wa kusema. Kisha anatoka kwa mlango wa nyuma, anapanda tuta, na anakwenda shule kwa miguu katikati ya reli, maana huko hakuna kitu cha kumgonga.