Mguu Uliovimba Sanyuanli

"Weka chini hiyo chupa, Jaffari," Flavia alisema kwa mara ya pili, na safari hii hakungoja. Aliinyakua, akaifunga, akaitia mfukoni mwa koti lake.

Jaffari alibaki na viganja vinavyong'aa mafuta. Yeye ni mtu wa Kariakoo, anaishi chumba kimoja na Jovitus, na tangu asubuhi alikuwa akimkanda rafiki yake mguu wa kushoto kwa dawa ya Kichina inayowasha pua. Kwao, alisema, mguu uliovimba hukandwa. Bibi yake aliwakanda wacheza mpira wa mtaa mzima na hakuna aliyekufa.

"Bibi yako alikanda misuli," Flavia alijibu. "Huu si msuli."

Jovitus, mwana wa Flavia, alikuwa amelala kwenye godoro, mguu juu ya robota la nguo. Paja lilikuwa limejaa mpaka suruali ikakatwa kwa mkasi. Ngozi ilikuwa ya moto, weusi wake umeingia zambarau. Flavia alikuwa amefika Guangzhou jana yake kutoka Bukoba, kununua mikoba ya Shiling, mji wa viwanda vya mikoba nje ya jiji, kama kila mwaka, na kwenye uwanja wa ndege alipokewa na Jaffari mwenye maelezo marefu.

Mwaka ule wa 2009 askari walikuwa wakikagua pasipoti mtaa wao mzima wa Sanyuanli, madukani, kwenye milango ya treni, hata vyumbani. Viza ya Jovitus ilikuwa imekwisha. Akafanya walichofanya wote walioishiwa viza: akalala ndani. Kulala ndani kuna sheria zake. Pazia chini. Viatu visionekane mlangoni. Hakuna kutembeatembea, maana sakafu yako ni dari ya mtu. Na maji yawe ya kulowesha koo tu, kwa sababu anayekunywa atakwenda chooni, na choo kikivutwa mchana jirani wa chini anajua juu kuna watu. Vijana walirithishana sheria hizo kama sala, na Jovitus alizishika kuliko wote. Wiki baada ya wiki alikaa kwenye godoro, miguu imekunjwa, midomo imekauka, akiuza mali kwa simu.

"Angalau kuna kitu kimenenepa Guangzhou mwaka huu," Jaffari alisema akiutazama mguu. Jovitus alicheka. Mama yake hakucheka.

Asubuhi hiyo Flavia alikuwa amemleta Swalha, binti wa Unguja anayesomea udaktari mjini humo, naye sasa alipiga magoti kando ya godoro. Swalha aliipima miguu yote miwili kwa utepe wa fundi cherehani, akauliza kama kifua kinauma, kama pumzi inakatika. Bado, Jovitus alisema. Ndipo Swalha akaeleza taratibu kwamba, kwa anavyoona, damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa unaoirudisha moyoni, ingawa kipimo cha picha ndicho kitakachothibitisha. Aliyekaa bila kujongea na bila maji, damu yake hulala na kuwa nzito. Pande hilo la damu likikandwa linaweza kumeguka, likapanda hadi mapafuni.

Jaffari aliifuta mikono yake kwenye suruali, polepole.

Flavia aliuliza hospitali watafanya nini hasa. Swalha alisema wataanza na sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda. Kwa mguu uliojaa hadi pajani, hospitali anayojifunzia hupitisha mrija mwembamba nyuma ya goti, na kuufikisha kwenye pande lenyewe, kisha kulidondoshea dawa ya kuliyeyusha. Wengine hutegewa chujio dogo tumboni, kwenye mshipa mkuu, lidake kinachomeguka.

"Na inaponya?"

"Mama, sitakudanganya. Wataalamu bado wanabishana nani mrija utamfaa na nani atoshwe na sindano. Na dawa yenyewe inaweza kumvujisha damu. Ila pande bichi huyeyuka. Likizeeka linashikana na mshipa kama saruji. Hapo mguu unaweza kumvimba miaka na miaka, mpaka ngozi ipasuke vidonda."

Jovitus alisema basi angoje, ukaguzi haukosi kupungua. Au apande ndege, atibiwe nyumbani. Swalha alitikisa kichwa: kukaa tena kwenye kiti saa zote hizo, na pande halijatibiwa?

"Hospitali watataka pasipoti, mama," Jovitus alisema. "Watanifukuza nchi. Sirudi tena hapa. Nani atakusimamia mzigo bandarini Huangpu? Nani atakupeleka Shiling?"

Swali hilo Flavia alikuwa amelilalia macho usiku uliopita. Bila Jovitus, Guangzhou kwake ni ukuta: hajui lugha, hajui yupi kati ya malaobani, wenye viwanda, ni mwongo. Duka la Bukoba linakula kwa mkono wa kijana huyu. Alijilazimisha kuliona limefungwa, kufuli mlangoni. Akaliona. Kisha akamtazama mwanawe pajani.

"Mzigo utapata mtu," alisema. "Simama kwa mguu mmoja."

Alikwenda kwenye korido akarudi na toroli la kubebea marobota, akatandika blanketi. Alimwambia Jaffari, ambaye viza yake nayo ilikuwa ukingoni kwisha, akusanye vyake, ashuke kwa mlango wa nyuma akalale kwa wenzake wa mtaa mwingine, maana si muda mrefu chumba hiki kitaulizwa. "Na huko uendako, unywe maji."

Jaffari alimshika Jovitus bega, akaondoka bila mzaha wowote.

Lifti ilishuka na watatu. Getini askari wawili walikuwa wamesimama na gari lao, wakimpekua Mkongo mmoja mfuko. Jovitus alimshika mama yake mkono, akanong'ona wageuke. Flavia alisukuma toroli moja kwa moja hadi mbele yao, akaifunua pasipoti ya mwanawe kwenye ukurasa wa viza, akamkabidhi yule mkubwa.

"Mwambie imekwisha," alimwambia Swalha. "Mwambie tunajua. Halafu mwambie aite gari la wagonjwa."

Swalha akaanza kutafsiri.