Zamu ya Nne

Ubishi ulianza theluji ikiwa bado barabarani. Sasa ilikuwa Mei, mashamba yanangoja mbegu, na watu wa Kalyna walikuwa wangali wanabishana jambo lile lile: wamchukue kijana Kolby Morin kwenye timu yao au wamwache. Ungedhani wamechoka. Walikuwa wamechoka kweli, ila mtu wa Kalyna huchoka miguu, mdomo hauchoki.

Timu yao ya hoki ya barafuni, Korongo, ni mali ya mji mzima, kwa hiyo kila mwenye ulimi ni mwenye timu. Msimu ule walicheza mechi sitini na nane wakafungwa hamsini na moja. Jamani, hamsini na moja! Faida yake ilikuwa moja tu: siku timu zote za ligi zinapochagua vijana wapya, aliyefungwa sana hutangulizwa. Korongo walipewa zamu ya nne. Siku yenyewe ndiyo ilikuwa leo, saa tatu asubuhi, kila timu itaje jina la kijana wake mtandaoni, na tangu saa moja na nusu kantini ya uwanja ilishajaa.

Verna Bodnar aliingia akatafuta kiti cha karibu na mlango. Hakuja kubishana. Curtis Sawka, meneja wa timu, alikuwa amempigia simu alfajiri akamwambia, "Njoo kantini, dada, nina neno," na Verna alilijua neno hilo kabla hajavaa viatu. Ana miaka sitini na mitatu, mjane, na kwa miaka ishirini na miwili vijana wanaotoka mbali kuja kuichezea Korongo wamelala nyumbani kwake. Ndivyo mambo yalivyo kule. Mtoto wa watu wa miaka kumi na sita huletwa na begi lake na magongo yake, hukabidhiwa mama wa nyumba, naye humlisha, humfulia, humwamsha kwenda shule. Verna amewapitisha kumi na tisa. Mwezi Machi alisema basi, imetosha, akaingiza cherehani katika chumba walichokuwa wakilala.

"Yule mtoto ni kioo," Lorne alikuwa akisema. Lorne ndiye kinyozi wa mji, na hakuna kichwa alichokinyoa bila kukisomea makosa ya Korongo. "Bega la kulia limeteguka. La kushoto limeteguka. Januari kabamizwa ukutani, kalala kwenye barafu dakika nne nzima. Miaka kumi na tano, bwana! Akifika ishirini si tutamzoa kwa ufagio?"

"Mabao sitini na mawili," akajibu Orest Kuzyk. Mzee Orest alisimamia maghala ya ngano mpaka alipostaafu, na bado huongea kama anayeshindana na kelele za mashine. "Sitini na mawili, katika mechi thelathini! Hao wazima wako wana mangapi?"

"Wazima wangu angalau wanasimama."

"Hata mlango unasimama, Lorne. Mwaka mzima tumechezesha milango mitano. Tumepata nini?"

Watu wakacheka, kicheko kile cha kuchoka kinachoishia puani. Delphine, mwenye kantini, akapita na birika la kahawa, akamjazia Verna bila kuulizwa.

"Chekeni," Delphine akasema. "Mmeshamsahau Reid?"

Hakuna aliyemsahau Reid Amundson. Miaka sita nyuma alikuwa nahodha, kijana mrefu mwenye madoa usoni, na alikaa kwa Verna. Katika mechi za mtoano alipigwa kichwa kwa mara ya tatu msimu ule, akaanguka, akainuka, akaanza kuteleza kuelekea goli lake mwenyewe. Leo ana miaka ishirini na minne, yuko shambani kwa baba yake, haendeshi gari, na hata jikoni anakaa na miwani ya jua, mwanga unamuumiza.

"Reid alimalizwa na kocha," Orest akasema. "Tusizungushe maneno. Barr alijua mtoto anaumwa kichwa, akampanga. Shetani yule. Ndiyo maana tulimtoa hapa mbio."

"Tulimtoa kweli," mtu akaitikia.

Verna akaangalia kahawa yake. Walimtoa kweli. Walimwandikia matusi kwenye gari. Mkewe aliingia dukani na hakuna aliyempa habari za asubuhi, na kabla ya Juni familia nzima ilikuwa imehama. Na Hollis Barr, maskini, alikuwa hajui lolote. Aliyejua ni Verna. Wiki tatu nzima alijua. Reid alikuwa akirudi kutoka shuleni anatapika, anajilaza, anamshika mkono: "Usimwambie kocha, Verna. Usimwambie mama. Mechi chache tu zimebaki." Naye Verna akatundika blanketi dirishani ili mwanga usiingie, akampa vidonge na supu ya viazi vyekundu, akanyamaza. Aliona huko ndiko kumpenda. Kocha alipotukanwa alinyamaza tena, na safari hii haikuwa kwa kumpenda mtu. Aliogopa tu. Miaka sita! Mtu anaweza kuamka kila siku na kitu kama hicho, akanywa chai, akaenda kanisani, akasalimiwa na kila mtu.

Curtis akaingia saa mbili na nusu, macho mekundu, kompyuta kwapani. Hakuketi.

"Nisikilizeni, maana muda hakuna," akasema. "Timu tatu zilizo mbele yetu zimeshatuambia hazimtaki Morin. Wanaogopa mabega. Tukimtaka ni wetu."

"Haleluya!" Orest akasema.

"Ngoja, mzee. Kijana ana sharti. Kasema atakuja Kalyna kwa njia moja tu, akae kwa Verna Bodnar. Asipokaa kwa Verna, haji, anabaki kwao kaskazini. Na mama yake naye kasema hivyo hivyo, kasikia Verna ni mama kweli, atamtunza mwanawe."

Vichwa vyote vikageuka kuelekea mlangoni.

"Ni vile visambusa vyako vya viazi, zile pierogi!" Delphine akasema. "Sifa zimefika mpaka kaskazini kwao."

"Verna, mama, nakupigia magoti," Orest akasema, na akataka kupiga kweli, goti likagoma katikati, ikabidi Lorne amshike mkono. "Mwaka mmoja tu. Cherehani nitaibeba mimi mwenyewe nikaiweke kwangu."

"Utaibeba na mgongo upi?" Lorne akamuuliza. Kisha akamgeukia Verna, na sauti yake ikapoa. "Mimi simtaki yule mtoto, unajua. Lakini kama lazima aje, bora awe kwako. Wewe una moyo wa kuuguza."

Hilo ndilo lililomuuma. Orest angeweza kumtania mpaka jioni asijali, lakini lile neno la Lorne lilimwingia. Akafikiria kusema hapana. Lilikuwa neno jepesi, kila mtu angeelewa, mama mzima amechoka. Lakini akisema hapana mtoto atabaki kwao, timu itaanguka mwaka mwingine, na watu hawa atakutana nao posta kila siku. Akisema ndiyo, basi ni kile chumba tena.

"Nataka kuongea na huyo kijana," akasema. "Yeye mwenyewe, si mama yake."

Curtis akapiga namba, akampa simu yake. Verna akatoka nayo mpaka kwenye viti vya watazamaji. Barafu ilishayeyushwa kwa majira ya joto, uwanja ulikuwa saruji tupu yenye madoa ya rangi, na sauti yake ikamrudia aliposema haloo.

"Mama Verna!" Sauti ilikuwa bado haijamaliza kuvunjika. "Umekubali? Niambie umekubali."

"Bado. Kwanza niambie kwa nini kwangu. Zipo nyumba zenye runinga kubwa kuliko yangu."

Kijana akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu aliyezoea kupendwa. Akamweleza kwamba ana paka, kwamba anakula chochote isipokuwa uyoga, kwamba sahani ataosha. Verna akajikuta anatabasamu peke yake pale kwenye viti. Ni miezi miwili tu nyumba imekuwa kimya, naye alikuwa hajajua kimya kile kimemchosha kiasi gani.

"Na halafu," kijana akaendelea, akishusha sauti, "vijana wote wanajua. Tulikuwa kambini mwaka jana, wale wakubwa wakatuambia, ukichaguliwa na Korongo omba ukae kwa Verna. Verna hasemi. Wanasema Reid Amundson aliumwa wiki tatu na hukumwambia mtu. Akamaliza msimu."

Verna akakaa kwenye kiti cha mbele, mkono mmoja juu ya bomba la chuma.

Kwa hiyo ndiyo sifa yake. Siyo pierogi, siyo moyo wa kuuguza. Vijana kumi na tisa wameondoka nyumbani kwake, na walichowapa wadogo zao ni hicho.

"Kolby," akasema. "Kichwa kinakuuma?"

"Si sana."

"Sikukuuliza ni sana au si sana."

"Asubuhi tu. Nikiamka. Na taa za shuleni, zile nyeupe. Wakati mwingine nasoma mstari mmoja mara tatu. Ni tangu Januari. Daktari nilimwambia kimeacha. Lakini usiseme, ee? Wewe huwa husemi."

"Mama yako anajua?"

"Hapana! Mama akijua nimekwisha."

Sasa Verna alitamani kulia, lakini machozi yalikuwa mbali. Alichokuwa nacho ni uchovu, uchovu wa kubeba ndoo ambayo huna pa kuiweka.

"Mwanangu, mimi nitasema," akamwambia. "Nakwambia wewe kwanza ili usije ukasikia kwa watu. Nikikata simu hii naingia pale ndani nasema."

"Huwezi!" Sauti ikapasuka. "Ni dakika ishirini! Niache nichaguliwe kwanza! Nitakwenda kwa daktari wao, naapa. Mama Verna, mimi sina kitu kingine. Hapa kwetu hakuna kitu kingine."

"Najua."

"Wamesema wewe ni mwema!"

"Walikosea," Verna akasema, na kijana akakata simu.

Aliporudi ndani ilikuwa imebaki dakika kumi na saba ifike saa tatu. Delphine alishakata keki. Mtu alikuwa ameshaandika MORIN kwa chaki kwenye ubao wa bei za vyakula. Orest akafungua mikono kama anayempokea bibi harusi.

"Kakubali! Mtazameni uso, kakubali!"

"Ana maumivu ya kichwa," Verna akasema. "Tangu Januari. Amemdanganya daktari. Kaniambia mwenyewe sasa hivi."

Mikono ya Orest ikabaki hewani. Curtis akakaa chini, mara ya kwanza tangu aje.

"Verna," Orest akasema polepole. "Si ungengoja dakika ishirini tu? Ishirini. Akawa wetu, halafu tukampeleka kwa daktari, akapumzika hata mwaka mzima. Sasa nani atamchukua? Umemmaliza mtoto wa watu."

"Mzee, acha," Lorne akasema. Alikuwa ameshinda ubishi wa miezi miwili na hakuonekana kufurahi hata kidogo.

"Siachi! Reid alikaa kwake! Anajua thamani ya mchezaji—"

"Reid nilijua," Verna akasema.

"Ulijua nini?"

"Kichwa. Wiki tatu kabla ya ile mechi. Alinisihi nisiseme, nikamfichia. Barr hakuwa anajua, hakuna aliyemwambia. Mlipokuwa mnaandika matusi kwenye gari lake mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na mfuko wa mkate."

Delphine aliweka kisu cha keki mezani, akajifuta mikono, akaendelea kujifuta. Orest alimwangalia Verna kwa muda mrefu. Mzee ndiye aliyeandika lile tusi kubwa kwenye gari, na kila mtu mle ndani alikuwa anajua. Mwisho akavuta kofia yake kutoka mezani, akatoka bila kuaga, na walimsikia akihangaika na mlango wa nje.

Saa tatu ikafika. Timu tatu zikataja majina yao. Curtis akaandika la kijana mmoja, beki kutoka Manitoba, mkubwa, mzito, asiyewahi kuumia. Lorne akasema kwamba sawa, ni chaguo zuri. Wawili watatu wakainuka wakaenda zao bila kumtazama Verna.

Simu ya Curtis ikalia. Akaiangalia namba, akamwangalia Verna, akamsogezea juu ya meza.

"Ni mama yake," akasema.

Verna akaipokea.

"Wewe ndiwe Verna?" Mwanamke alikuwa anahema. "Mwanangu amejifungia chooni, analia, anasema umemharibia maisha. Umemwambia nini mtoto wangu?"

Verna akamweleza. Mambo ya asubuhi, taa za shuleni, mstari mmoja mara tatu, daktari aliyedanganywa. Kisha akamweleza habari za Reid, yote, na hakuacha la blanketi.

"Mimi ndiye ninayemwamsha kila asubuhi," mwanamke akasema. "Haamki. Namvutia shuka, namwita mvivu. Jana nimemmwagia maji."

Verna akavuta kiti, akakaa, hakukata simu.