Kifuniko chenye Mistari Mia

Mota ya darubini ilikufa Jumatano, na aliyeiua ni chumvi. Hadia aliifungua kwa bisibisi, akakuta kutu imeila mpaka kwenye nyaya. Akaitupa ndani ya karai na kusonya kwa nguvu hata kuku wakatawanyika uani.

Msonyo wote ule wa nini? Basi sikia. Darubini ile haikuwa yake. Ilikuwa ya chama cha watazamaji nyota cha Mombasa, nacho kilimwazima kwa sharti moja: apige picha ya galaksi, moja tu, kabla ya Ijumaa adhuhuri. Akiipata, darubini itakaa kijijini kwake Chundwa mwaka mzima. Akiikosa, iende kwa mwingine. Na Hadia, mwalimu wa sayansi, alikwisha kuwaahidi wasichana wake kwamba shule zikifunguliwa wataitumia wao. Wiki tatu mawingu yalimkaba koo. Sasa mbingu imetakata, mwezi haupo, na mota ndiyo inachagua kufa! Kama hicho si kisirani, ni nini?

Alimpigia simu Fahmi, mtunza vifaa wa chama.

"Bila mota hakuna galaksi, Bi Hadia," Fahmi alisema, kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba. "Nyota zinatembea. Darubini ikisimama dakika nzima utapata vijiti, si nyota. Ifungashe tu, Ijumaa uipakie boti pale bandarini Mtangawanda."

"Leo ni Jumatano," Hadia alimjibu, akakata simu. Hata kwaheri hakumpa.

Kazi ya mota yenyewe ilikuwa ndogo: kuzungusha kitasa kimoja polepole ili darubini iandame nyota, mzunguko mmoja kwa dakika kumi. Kama chuma kinaweza, mkono una nini? Alichukua kifuniko cha sufuria kubwa ya pilau, akakichora mistari mia pembezoni kwa kalamu nyeusi, akakifunga kwenye kitasa. Mstari mmoja, sekunde sita. Hesabu ilikuwa safi kabisa.

Mkono ndio haukuwa safi. Baada ya isha alifunga kamera kwenye darubini, akaielekeza kwenye Andromeda, galaksi ambayo kwa macho matupu ni doa hafifu tu upande wa kaskazini. Jicho moja kwenye saa ya simu, jingine kwenye mistari. Akichelewa anavuta, akipitiliza anarudisha. Picha ishirini, vijiti vitupu. Alhamisi akarudia, vijiti tena. Alikaa kwenye mkeka machozi yakimlenga, na yalikuwa ya hasira kuliko ya huzuni. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Ndipo alipoisikia sauti ndani ya nyumba. Bi Mahfudha, bibi yake aliyemlea, alikuwa akivuta uradi kama kila siku baada ya isha. Hadia aliujua uradi ule tangu utotoni, kwa sababu chakula hakikupakuliwa mpaka uishe. Enzi hizo alikuwa akiikodolea macho saa ya ukutani kwa njaa. Tasbihi ile ilihesabu mia, na mia ile ilichukua dakika kumi, kila siku ya Mungu.

Mia. Dakika kumi. Hadia akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Bibi, ndoo hapa upesi! Ndoo na tasbihi yako!"

Akamweleza yote, kisha haya zikamwingia. "Au itakuwa kuchezea dini?"

"Kuchezea dini ni kumtaja Mola huku wawaza mchele," Bi Mahfudha alisema. "Mimi namtaja natazama kazi yake. Kosa li wapi? Lete kiti."

Bibi akasoma, mjukuu akasukuma mstari mmoja kwa kila punje ya tasbihi. Picha ya kwanza ikatoka: vijiti. Vifupi, lakini vijiti.

"Umekimbia, Bibi."

"Mimi? Mimi nimekimbia?" Kikongwe aligeuka mzima mzima. "Ni wewe waivuta kama wakamua ng'ombe wa watu! Mato yako yatazama simu, mkono uko Mombasa kwa huyo Fahmi wako. Hebu ondoka hapo!"

Akamsukuma kwa kiwiko. Tasbihi akaishika mkono wa kulia, kifuniko wa kushoto, akaanza upya, taratibu, midomo na vidole vikienda pamoja.

Hadia alichungulia picha, moyo ukamlipuka. Nukta! Nukta za mviringo, kama ufuta juu ya mkate. Mbu walimla miguu, naye hakupiga hata mmoja. Uradi ukaenda mara tatu, picha thelathini, na kikongwe hakukosa hata mstari.

Alipoziunganisha zote kwenye kompyuta, galaksi ikajitokeza: kitovu cha manjano, na mikono yake imejikunja kukizunguka. Nuru iliyosafiri miaka milioni mbili na nusu ilikuwa imetua uani kwao, kati ya banda la kuku na kamba ya nguo. Hadia akapiga kigelegele.

"Kuna nini?" Rumaisa, jirani yao, aliita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Kuna harusi na hamkunialika?"

"Ndoo uone!" Bi Mahfudha akamjibu. "Ndoo uone tulichokishika!"

Ijumaa asubuhi Hadia aliituma picha kwa chama. Baada ya saa nzima ukaja ujumbe wa sauti wa Fahmi, na safari hii shibe ilikuwa imemtoka.

"Mashallah, Bi Hadia. Hongera, darubini ni yenu mwaka mzima. Lakini niambie kweli, mota hiyo umeipata wapi? Na sisi tunaitaka."

Hadia alikuwa jikoni. Alibonyeza kurekodi, akaisogeza simu kwenye mdomo wa bibi yake, aliyekuwa akikoroga sufuria ya pilau.

"Mota ni mimi, Mahfudha wa Chundwa," bibi alisema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Na boti sipandi. Anitakaye aje."

Kisha akalifunika pilau lake kwa kile kifuniko chenye mistari mia.